Maji Yameshatoka, Moto Umeshazimwa: Kipi Kianze?

Barua nyingi tulizopokea msimu huu wa masika zinauliza jambo moja kwa namna tofauti: mtu anaporudi nyumbani baada ya maji au moto kuharibu nyumba yake, aanze na lipi? Tumechagua barua sita. Wasomaji wataona kwamba karibu kila jibu linapingana na haraka ile ile, yaani haraka ya kufagia, kupiga plasta na kupaka rangi kabla mwenye nyumba hajajua kama ukuta utasimama, na kabla hasara yenyewe haijaandikwa mahali popote.

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Kigogo, upande wa bondeni. Maji ya Mto Msimbazi yaliingia usiku yakafika usawa wa soketi, na kulipokucha yalikuwa yameshapungua. Majirani wanatoa matope na kuosha sakafu, lakini mimi bado nipo nje na watoto kwa kuwa mume wangu amesafiri. Nyumba ni yetu, ya matofali ya saruji, na haina bima. Nianzie wapi? *Mama wa wawili, Dar es Salaam.*

JIBU: Pole sana, dada yetu. Kubaki nje hadi sasa ni uamuzi wa busara, na usijione umechelewa kwa sababu jirani ameshamaliza kufagia. Kabla hujavuka kizingiti, zunguka nyumba yote kwa nje ukiitazama kwa makini. Angalia kama maji yamechimba udongo chini ya msingi, hasa kwenye kona. Angalia kama kuna ukuta ulioinama, ufa mpya unaopanda ngazi kwa ngazi kufuata maungio ya matofali, au mlango uliogoma kufunguka ilhali jana ulikuwa hauna shida. Dalili moja tu kati ya hizo inatosha kukufanya ulale kwa ndugu hadi fundi mwashi mwenye uzoefu, au mhandisi wa halmashauri, aje kutazama. Ukuta uliolowa ni mzito na udongo unaoubeba umelainika, ndiyo maana nyumba nyingi, hasa za udongo na za matofali yaliyojengewa tope, huanguka baada ya maji kuondoka, wakati wenyewe wameshaingia ndani kuokoa vyombo.

Kinachofuata ni umeme. Maji yakishafika usawa wa soketi, chukulia kwamba nyaya za chini zote zimelowa. Usiguse swichi kuu ukiwa umesimama kwenye maji au ukiwa na mikono iliyolowa, hata kama mtaa mzima uko gizani, kwa sababu umeme unaweza kurudishwa wakati wowote. Kama swichi kuu iko mahali pakavu na unaweza kuifikia bila kukanyaga maji, izime. Kama sivyo, waite TANESCO wakate kwenye nguzo. Wapo wanaoamini kwamba yuniti za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, zikiisha nyumba inakuwa salama. Si kweli, kwa kuwa waya unaoingia kwenye mita kutoka nguzoni unabaki na umeme wake. Wenye sola nao wakumbuke kwamba paneli huzalisha umeme maadamu kuna mwanga wa jua, na betri iliyolowa haijapoteza chaji yake kwa kulowa. Kuwasha tena si kazi ya kijana wa mtaani anayejua kuunga nyaya, bali ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, atakayefungua kila soketi iliyoingia maji, atoe tope lililomo, na apime nyaya kabla ya kurudisha umeme.

Baada ya hapo chukua simu kabla ya ufagio. Piga picha za kila chumba kutoka mlangoni, kisha ukaribie alama ya maji ukutani na uiweke futi pembeni ili kimo kisomeke. Piga picha za kila kitu kilichoharibika kabla hakijatupwa, na uandike kwenye daftari jina la kitu, mwaka ulipokinunua na bei unayoikumbuka. Utauliza kuna faida gani ikiwa huna bima. Zipo kadhaa: mwenyekiti wa serikali ya mtaa anapoandika majina ya waliopata hasara, mwenye picha hana haja ya kubishana; fundi atakayekuja wiki mbili baadaye, ukuta ukiwa umeshafutwa, atajua maji yalifika wapi; na wewe mwenyewe utajua mwaka kesho soketi zipandishwe hadi wapi.

Sasa matope. Yatoe yangali mabichi, kwa koleo na ndoo, ukiwa umevaa viatu vya mpira na glovu. Maji ya bondeni yamepita kwenye vyoo vya shimo vya mtaa mzima, na ndani yake kuna vimelea vya kipindupindu na vya homa ya matumbo. Kuna pia homa ya mgunda, ile iliyosikika sana mkoani Lindi mwaka 2022, ambayo huingia mwilini kupitia michubuko ya ngozi inapogusana na maji yenye mkojo wa panya au wa wanyama wengine. Kwa hiyo watoto wasichezee maji hayo, na mwenye kidonda mguuni asiingie kabisa. Osha kwanza kwa maji safi na sabuni hadi tope liishe, kisha pitisha klorini ya maji ya kufulia, kiasi cha kikombe kimoja katika ndoo ya lita 20. Klorini iliyomwagwa juu ya tope hupotea bure, kwa kuwa uchafu wenyewe huimaliza nguvu. Wala usiichanganye na dawa ya asidi ya kusugulia choo au yenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu, na katika chumba kidogo mtu huanguka kabla hajajua kilichomkuta.

Magodoro ya sponji, mito na mazulia mazito yaliyolowa maji ya aina hiyo hayasafishiki, hata yakianikwa juani wiki nzima. Tunajua godoro ni fedha nyingi, lakini hatuwezi kumshauri mtu alalie maji ya choo. Unga, mchele na dawa zilizoguswa na maji zitupwe pia. Nguo zinafuliwa, sufuria na sahani zinaoshwa na kutiwa klorini, ila chupa za kunyonyeshea mtoto ni afadhali kununua mpya.

Kukausha nyumba kunahitaji hewa zaidi ya kitu kingine chochote. Fungua madirisha na milango yote, sogeza makabati na vitanda mbali na kuta, na toa kila kilichonyonya maji, kwa sababu ukungu unaweza kuanza ndani ya saa 24 hadi 48. Kama maji yamefika kwenye dari ya jipsamu, ibomoe ile sehemu iliyolowa. Haitarudi kuwa ngumu. Lakini tunakuomba, dada yetu, usikaushe chumba kwa jiko la mkaa, wala usiwashe jenereta ndani au kibarazani karibu na dirisha. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na familia iliyonusurika kwenye maji inaweza isiamke asubuhi.

Kuhusu plasta na rangi, subiri. Ukuta wa tofali za saruji huhifadhi maji kwa wiki kadhaa hata kama kwa nje unaonekana mkavu. Kata kipande cha nailoni angavu, kibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, na ukiache hadi kesho yake. Ukikuta matone kwa ndani, rangi utakayopaka leo itabanduka kabla ya Krismasi.

SWALI: Nina nyumba ya vyumba vitatu Kisauni, Mombasa. Mvua imejaza uwanja mzima, maji yameingia kwenye tangi la chini ya ardhi na kwenye karo la choo. Jirani ananiambia niite lori la kunyonya uchafu leo hii, na tangi nalo nilimwage lote nilioshe. Je, nifanye hivyo? *Mwenye nyumba, Kisauni.*

JIBU: Usifanye leo. Ardhi inayokuzunguka imeshiba maji na inasukuma kuta za karo na za tangi kutoka nje, na kinachozizuia zisiingie ndani ni uzito wa maji yaliyomo. Ukinyonya karo lote wakati uwanja bado umejaa, kuta zaweza kupasuka au kubomokea ndani, na tangi la plastiki lililofukiwa laweza kuinuka lote likavunja mabomba. Subiri maji ya uwanjani yaondoke na shimo lolote dogo utakalochimba karibu lisijae maji tena. Kwa sasa punguzeni tu kutumia choo cha ndani, na zibeni tundu la maji la bafuni iwapo uchafu unarudi nyuma.

Maji ya tangi hilo hayanywewi wala hayapikiwi. Yatumieni kusukumia matope ya nje tu, na pampu isiwashwe kabla fundi wa stima hajaikagua, kwa sababu injini ya pampu iliyolowa ndiyo inayopiga watu shoti wakifungua bomba. Siku ya kuliosha ikifika, mtu asiteremke ndani peke yake bila wa kumwangalia juu na kamba mkononi. Hewa ya ndani ya matangi na makaro imeshaua mafundi wengi pamoja na waliowafuata kuwaokoa. Maji ya kunywa, hata ya bomba la kaunti, chemsheni hadi yatokote vizuri kwa dakika moja. Kuhusu kisima, afisa wa afya wa wadi ndiye wa kuwapa kipimo cha klorini, kwa kuwa kinategemea kina cha maji na upana wa kisima chenyewe.

SWALI: Mhariri, mimi ni mstaafu, ninaishi nje kidogo ya mji wa Moshi. Mtungi wa gesi ulivuja jikoni, moto ukashika jiko, stoo na sehemu ya paa la sebule. Zimamoto walifika wakauzima. Kuta zimesimama. Fundi wangu anasema tubadilishe kenchi na mabati tu, tupige plasta, tuhamie. Mnaonaje? *Mstaafu, Kilimanjaro.*

JIBU: Shikamoo, mzee wetu, na pole. Tunamshukuru Mungu kwamba mmetoka salama. Fundi wako huenda ni hodari, lakini amekimbilia paa kabla ya kuziuliza kuta.

Kwanza, hakikisha askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wamekuruhusu kuingia, si kwamba wameondoka tu. Moto wa kenchi hujificha. Mbao iliyoonekana kuzimika inaweza kuwa na makaa ndani, na upepo wa jioni ukiifikia inawaka tena. Ukiona moshi, au ukisikia joto kwenye dari iliyobaki, piga tena 114. Mtungi ule, na mwingine wowote uliokuwa karibu na moto, usitumike tena hata kama unaonekana mzima. Uache nje mahali penye hewa na umwite msambazaji wako auchukue.

Kabla hawajafunga jalada lao, omba ripoti ya tukio kutoka Zimamoto, na uende kituo cha polisi ukaandikishe tukio upewe namba ya RB, yaani ya daftari la taarifa la polisi. Karatasi hizo mbili zitaombwa na bima kama unayo, na benki kama nyumba ina mkopo. Kuzipata wiki hii ni rahisi. Kuzipata baada ya miezi sita, wakati mashahidi wameshatawanyika, ni safari nyingine.

Kuhusu kuta, moto hauangushi zege, unalidhoofisha. Tazama lenta, nguzo na kama kuna slabu: zege lililopata joto la kuanzia nyuzi kama 300 za Selsiasi mara nyingi hubadilika rangi kuelekea pinki au wekundu, kutegemea kokoto iliyotumika, na zaidi ya hapo nguvu yake hupungua sana. Ligonge kwa nyundo ndogo. Lililo zima hulia kwa sauti kali, na lililoharibika hutoa sauti ya kitu chenye uwazi ndani. Pale zege lilipobanduka nondo zikaonekana, au lenta ilipopinda katikati, usiruhusu kenchi mpya ikae juu yake kabla ya mhandisi wa majengo kusema neno. Tofali zilizopata moto kisha zikamwagiwa maji ya baridi ghafla nazo hupasuka nyufa ndogo zisizoonekana chini ya masizi. Plasta ya fundi wako ingezifunika nyufa hizo vizuri kabisa, na hilo ndilo linalotutia hofu.

Kumbuka vilevile kwamba nyumba iliyozimwa moto imelowa. Maji ya Zimamoto yako kwenye dari, ndani ya kuta na chini ya vigae vya sebule, kwa hiyo yote tuliyomwambia dada wa Kigogo kuhusu kukausha yanakuhusu wewe pia. Paa lililo wazi lifunike kwa turubai mapema, mvua isiongeze hasara juu ya hasara. Umeme wa nyumba nzima ukaguliwe, si wa jikoni peke yake, maana joto hupita juu ya dari na kuyeyusha ganda la nyaya za vyumba ambavyo moto haukufika.

Masizi yana mafuta ndani yake. Mtu akichukua kitambaa chenye maji na kusugua, anayasukuma yaingie ukutani na doa halitoki tena. Yafagie kwanza makavu kwa brashi laini, ukianzia juu kushuka chini, ukiwa umeziba pua na mdomo kwa barakoa, kisha ndipo uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kukata mafuta. Vyakula vilivyopata joto au moshi, hata vya kopo, vitupwe. Dawa zako za presha au sukari, kama zilikuwa katika vyumba vilivyoungua, usizimeze. Nenda zahanati wakuandikie nyingine.

SWALI: Jokofu na televisheni viliingia maji. Vimekauka juani siku mbili. Naweza kuwasha? *Msomaji, Morogoro.*

JIBU: Usiwashe. Jua limekausha ganda la nje, lakini unyevu na tope viko kwenye mota na kwenye bodi za ndani, na ukichomeka ndipo vinapoungua kabisa. Mpelekee fundi afungue. Jokofu lililofunikwa na maji machafu hadi ndani ya sponji ya kuta zake halifai tena kuwekea chakula, hata mota yake ikipona.

SWALI: Ninafanya kazi Muscat, Oman, na nina nyumba Kigamboni ambayo haina mtu ila mpwa wangu hupita kuiangalia. Bomba la tangi la juu limepasuka, maji yamemwagika siku ambazo hatuzijui idadi, dari za vyumba viwili zimeanguka. Nina bima ya nyumba niliyoikata kupitia benki iliyonikopesha. Mpwa wangu anataka nimtumie fedha aanze ukarabati. *Msomaji wa ughaibuni.*

JIBU: Kaka yetu, mtumie kwanza maelekezo, fedha zifuate. Afunge maji kwenye mita, azime umeme kama ni salama kufanya hivyo, kisha apige video moja isiyokatwa inayoanzia getini, ipite kila chumba na kuishia kwenye bomba lililopasuka. Kipande cha bomba chenyewe akitunze. Mkadiria hasara wa kampuni ya bima atataka kukiona, kwa sababu tofauti kati ya bomba lililopasuka ghafla na bomba lililovuja taratibu kwa miezi ndiyo tofauti kati ya kulipwa na kutolipwa: bima nyingi za nyumba hukinga tukio la ghafla na huacha nje uchakavu.

Siku hiyo hiyo waandikie bima na benki kwa barua pepe, ukitaja namba ya bima, siku hasara ilipogunduliwa na kilichotokea, bila kukisia sababu. Kutoa taarifa mapema ni sharti la mkataba, si adabu tu. Mkataba unakutaka pia uzuie hasara isizidi, kwa hiyo mpwa wako ana ruhusa, na kwa kweli ana wajibu, wa kutoa maji yaliyotuama, kufungua madirisha, kuinua fanicha na kufunika palipo wazi. Atunze risiti za kazi hizo. Asichoruhusiwa ni kutupa vilivyoharibika na kujenga upya kabla mkadiria hajafika. Dari ile iliyoanguka na irundikwe pembeni ya uwanja.

Soma mkataba wako ukitafuta mambo matatu. La kwanza ni hatari zilizokingwa. Bima ya moto na radi haina maana kwamba maji yamo. Kupasuka kwa mabomba na mafuriko mara nyingi ni vipengele viwili tofauti, na kila kimoja huongezwa kwa kulipiwa. La pili ni kifungu cha nyumba isiyokaliwa. Mikataba mingi husimamisha kinga, au kuipunguza, nyumba ikikaa tupu zaidi ya siku zilizotajwa, ambazo mara nyingi ni 30. Kama hukuwaambia kwamba nyumba haina mkaazi, jambo hilo litaibuka, na ni vyema ulijibu kwa ukweli, ukieleza mpwa wako hupita mara ngapi.

La tatu ndilo linalowaumiza watu wengi kuliko yote, yaani kiasi ulichokatia. Tuseme kujenga upya nyumba yako leo ni shilingi milioni 80, bila kuhesabu kiwanja, nawe uliikatia bima ya milioni 40 kwa sababu ndiyo ilikuwa salio la mkopo. Ukipata hasara ya milioni 20, bima haitalipa 20. Itasema ulikinga nusu ya nyumba, kwa hiyo inalipa nusu ya hasara, yaani milioni 10. Bima zinazokatwa kupitia benki huangukia hapo mara kwa mara, kwa kuwa benki inajali deni lake, haijali nyumba yako nzima. Tena malipo yenyewe huenda yakapitia kwa benki kwanza. Waulize mapema.

Hatimaye utaletewa hati ya kukubali malipo. Isome kabla ya kusaini, kwa kuwa ukishakubali kwamba kiasi hicho kimemaliza madai yako yote, ni vigumu kurudi kudai vigae vilivyokuja kuinuka mwezi uliofuata. Kama ni lazima mpwa wako akusainie, mwandikie hati ya kumpa mamlaka ya kisheria kwa jambo hilo tu, ithibitishwe inavyotakiwa. Ubalozi wetu wa Muscat utakuelekeza. Mkishindwa kuelewana na kampuni, malalamiko hupelekwa kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na mwenendo wa kampuni zenyewe unasimamiwa na TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima. Kwa mpwa wako, tunadhani ni mtu mwema. Hata hivyo mtumie fedha kwa hatua, kila hatua kwa picha na risiti, nanyi mtabaki ndugu.

SWALI: Sanduku la nyaraka lililowa na nusu likaungua: hati ya kiwanja, vyeti vya shule vya watoto, picha za marehemu baba, na noti kadhaa. Kuna kinachookoka? *Mjane, Tanga.*

JIBU: Pole, mama yetu, na shikamoo. Vingi vinaokoka kama havijapigwa pasi wala kuwekwa juani. Karatasi zilizolowa zikigandana usizibandue kwa nguvu. Zilizo nyingi kuliko uwezo wako wa kuzikausha leo, zitie ndani ya mfuko wa plastiki na uziweke kwenye friza ya jirani. Barafu itazuia ukungu hadi upate nafasi. Zilizobaki zitandaze moja moja kivulini, juu ya kitambaa kisichotoa rangi, palipo na upepo mdogo. Picha za marehemu zisuuze kwa maji baridi safi bila kuzigusa uso, kisha uzilaze zikiangalia juu. Zikiachwa zikauke zikiwa zimeshikana, hazitaachana tena.

Hati ya kiwanja isikutoe usingizi. Nakala ya usajili iko ofisi ya Msajili wa Hati, na umiliki haukuungua pamoja na karatasi. Anza polisi upate taarifa ya upotevu, kisha kiapo kwa wakili, halafu uende na hivyo ofisi ya ardhi, ambako utaelezwa kuhusu tangazo litakalotolewa kabla ya hati mpya. Vyeti vya kuzaliwa vinashughulikiwa na RITA, na vya mitihani ya taifa na NECTA. Huko nako taarifa ya polisi ndiyo watakayoanza kuiomba, kwa hiyo unapoandikisha tukio hakikisha kila nyaraka imetajwa kwa jina lake.

Noti zilizoungua usizitupe wala usizikunjue. Zilaze ndani ya boksi kama zilivyo na uzipeleke benki yako, wao wazifikishe Benki Kuu, ambako thamani hupimwa kwa sehemu ya noti iliyobaki. Nenda nazo mwenyewe, usimpe mtu.